Plastiki Iliyooza Haraka Mno

Kila alasiri akitoka shule, Smaranda alitupa mkoba barazani, akachukua ndoo na kwenda kumwagilia kipande cha udongo kisichoota kitu. Chini yake mama yake, Dokta Luminița, alikuwa amefukia vipande vyeupe vya plastiki aliyoitengeneza kwa wanga wa mahindi, kwenye maabara ya chuo kikuu mjini Iași. Alitaka kujua kama udongo wa kawaida utaiozesha.

"Wenzangu wanamwagilia nyanya, mimi namwagilia takataka," Smaranda alinung'unika.

"Mwagilia, usinichoshe," mama alimjibu.

Wiki ya Pasaka ilipofika, Bibi Paraschiva ndiye aliyetawala nyumba. Ua ufagiliwe, ukuta upakwe chokaa, na alfajiri ya Alhamisi Kuu uwashwe moto wa matawi makavu kwa ajili ya marehemu, kama kila nyumba kijijini.

"Marehemu waje kuota moto wakute jalala hili?" alifoka. "Wataniambia nini?"

Usiku wa kuamkia Alhamisi hiyo banda la kuku halikufungwa vizuri, na kulipokucha kuku walikuwa wamefukua kile kipande cha udongo. Smaranda, usingizi machoni na hasira kifuani, alizoa kila alichokikuta uani, mifuko, makopo, vipande vyeupe, akavitupa motoni. Moshi mchungu ukapanda.

"Matawi tu, wewe mtoto! Unawafukiza marehemu plastiki?" Bibi alimkemea.

Hapo ndipo Smaranda alipong'amua alichokichoma. Akasawazisha udongo kwa reki, akanyamaza.

Baada ya sikukuu mama alichimba. Akachimba tena. Hakuna kitu! Akakimbilia jikoni kumpigia simu mkuu wake, Profesa Haralambie.

"Imeisha yote, Profesa! Ndiyo, yote! Waambie wa kiwandani waanze kutengeneza mifuko. Na wale madaktari pia, wanaotaka nyuzi za kushonea wagonjwa."

Smaranda aliweka chini mkate wake mtamu wa Pasaka. Nyuzi? Ndani ya mwili wa mtu?

"Mama, kata simu."

"Subiri, naongea na mkubwa."

"Mama! Haikuoza. Niliichoma."

Bibi aliacha kumenya yai lake la Pasaka, lililotiwa rangi nyekundu. Mama alikata simu, akaiweka mezani polepole.

"Mungu wangu! Katika nyumba hii hata plastiki haiachwi ioze kwa amani! Kuku, bibi, marehemu, mtoto, wote wana kazi na plastiki yangu!"

"Marehemu wangu usiwatie humo," Bibi alisema.

"Na wewe Smaranda, ungenyamaza mpaka lini?"

"Ulikuwa unafurahi, mama."

Mama alishusha pumzi, akapiga simu tena. Profesa alipiga kelele mpaka Bibi akazisikia akiwa upande wa pili wa meza. Lakini kiwanda kiliambiwa kisubiri, na madaktari vilevile. Vipande vipya vikafukiwa, safari hii ndani ya uzio wa waya. Smaranda akamwagilia majira yote ya joto bila kunung'unika, au tuseme akinung'unika kimoyomoyo.

Vuli ilipoingia walichimba pamoja. Vipande vilikuwa vimetobokatoboka, lakini bado vipo. Plastiki ile haikuwa tayari. Mama alikunja uso, akaahidi kuanza upya maabarani.

"Afadhali ingekuwa imeoza," Smaranda alisema.

"Afadhali kwa nani?" mama alimkatiza. "Nikiwa na umri wako tuliuziwa mifuko na watu walioapa kwamba itaoza yenyewe. Nenda kaitazame mtoni, imepauka rangi tu. Unadhani hawakujua? Walijua! Walinyamaza kwa sababu kila mtu alikuwa anafurahi. Sijasahau, na sitasahau. Moto wako ulinipotezea miezi, basi. Ukimya wako ungeshonwa ndani ya tumbo la mgonjwa. Kwa hiyo ukikosea, niambie siku hiyo hiyo. Kelele nitakupigia, hilo ulijue. Uje hivyo hivyo."