Gauni Lililofichwa

Kila Jumamosi Chiriku alipiga pasi katika kibanda cha mama yake, fundi cherehani. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jumamosi hiyo, ajabu, alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Sababu ilikuwa kitabu cha hadithi alichoazima maktaba ya shule. Kilisimulia mji uliotekwa na majeshi ya adui wakati wa vita, Wayahudi wakawa wanasakwa nyumba kwa nyumba ili wauawe. Fundi mmoja wa nguo alimficha mama na mtoto wake nyuma ya kabati. Askari walipobisha, alijibu, "Niko peke yangu na cherehani yangu."

Chiriku alifunua ukurasa kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa juu ya pasi. Je, askari wangelisogeza kabati? Harufu ya kuungua ndiyo iliyomzindua. Ubavuni mwa gauni jeupe la nesi palikuwa na alama ya pasi, kahawia kabisa! Akalikunja upesi na kulisukuma chini ya kapu la vipande vya kitambaa.

Haukupita muda, mama akauliza, "Gauni la nesi liko wapi? Anakuja saa kumi."

"Sijaliona, mama."

Mama akamgeukia shangazi, aliyekuwa akishona vifungo. "Wifi, hukumpa mteja mwingine kwa bahati mbaya?"

Shangazi aliduwaa. "Huenda, wifi. Juzi tu nilikosea vifungo. Macho haya yamechoka, afadhali nikae nyumbani kuliko kukuharibia kazi." Akaanza kukusanya sindano zake na kuzitia koponi, moja moja.

Chiriku hakutulia. Alikaa, akasimama, akafungua kitabu, maneno yasiingie. Mbona fundi wa kitabuni naye alidanganya, na bado anapendwa? Alijiambia hivyo mara tatu, na mara zote tatu macho yakamrudia shangazi. Shangazi akafunika kopo.

"Shangazi, fundi wa kitabuni aliyewaficha Wayahudi nyuma ya kabati akawadanganya askari, alifanya vibaya?"

"Hata kidogo, mwanangu. Watu wale hawakuwa na kosa lolote. Naye angekamatwa, angeuawa pamoja nao."

Chiriku alilitazama lile kopo. Yeye yuko salama salimini, na anayeumia ni shangazi! Machozi yakamtoka. Akapindua kapu na kulitoa gauni. "Nililiunguza mimi, nilikuwa nasoma. Macho ya shangazi hayana neno."

Mama aliipapasa ile alama. "Nimekasirika, sikufichi. Sasa nisikilize. Fundi wa kitabuni aliwaficha watu, akajitia hatarini. Wewe ulijificha nyuma ya shangazi yako. Kati ya kuficha na kujificha kuna 'ji' tu, na hiyo 'ji' ni wewe mwenyewe. Ukitaka kuficha jambo, jiulize unamkinga nani na anayeumia ni nani."

Nesi alipofika, Chiriku alimweleza kila kitu mwenyewe. Mama akaahidi kushona mifuko miwili, mmoja uifunike alama. Nesi akaguna, kisha akakubali.

Shangazi alifungua kopo lake, akachukua sindano, akapitisha uzi tunduni mara moja tu.

"Haya, Chiriku, tusomee. Askari walilisogeza hilo kabati?" akauliza. "Ila kwanza, mwanangu, weka pasi chini."