Mteja wa Kaunta ya Tatu

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni shangazi yetu mwenyewe, mwaka ule mama yake alipovunjika nyonga na ndugu wakawa wanapokezana kukaa naye wodini. Aliisimulia mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, na hakutia chumvi, maana hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Kabla ya kuolewa alikuwa keshia wa ile supamaketi iliyokuwa na matawi kila mji, kisha ikafa ghafla kama taa iliyopulizwa. Majengo yake yalipata wenyewe wapya. Tawi la stendi likawa ghala la vipuri, la karibu na hospitali likawa ukumbi wa harusi, la mtaa wa juu likawa chuo cha udereva. Tawi alilofanyia kazi yeye ndilo lililokaa bila mpangaji, hadi mumewe, fundi cherehani, alipolipata kwa kodi ya chee na kulifanya karakana ya sare za shule. Mume alikata vitambaa, shangazi akashona, na mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Msumari kwa wembamba wake, akapiga pasi.

Ilianza kwa harufu ya mkate.

"Dada, nani anaoka?" Msumari aliuliza jioni moja, pasi ikiwa hewani.

"Njaa yako ndiyo inaoka," shangazi akamjibu. Lakini na yeye alikuwa ameisikia. Ilitoka kwenye kona lilipokuwa tanuri la duka, na tanuri lenyewe lilikwishang'olewa, limebaki doa la masizi ukutani.

Baada ya hapo vitu vikaanza kupotea. Mkasi mkubwa, boksi la zipu, miwani ya fundi. Kila vilipopotea, vilionekana asubuhi sehemu ileile, karibu na mlango, vimepangwa sakafuni kwa mstari ulionyooka.

"Mke wangu, vitu havina miguu," fundi alisema usiku mmoja wakila.

"Unataka kusema nini?"

"Nasema ndugu yako anayo miguu. Na funguo anazo. Anavisogeza mlangoni kidogokidogo, siku moja anabeba."

"Mkasi mmoja na miwani yako iliyofungwa kwa uzi? Mwizi gani huyo, mwenye huruma hivyo?"

Fundi hakucheka. "Nitamvizia. Nikimshika ni polisi, na ushemeji tutauongelea hukohuko."

Shangazi akaisukuma sahani pembeni. Msumari alikwishawahi kulala rumande kwa kosa la rafiki yake, akarudi na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka leo. Shangazi alijua kwamba akiingia tena, kifua kile hakitamtoa.

Kesho yake alimvuta pembeni, nyuma ya majora ya vitambaa.

"Niambie ukweli. Ni wewe?"

"Hata wewe, dada?" Msumari akarudi kwenye pasi yake, na siku nzima hakutoa mzaha hata mmoja.

Shangazi akaenda kuvitazama vile vitu kabla ya kuviokota. Vizito vilitangulia, vyepesi vikafuata, na kila kimoja kiligeuzwa upande wa maandishi. Chini yake, kwenye sakafu, aliona matundu ya boliti. Aliyafahamu matundu yale. Hapo ndipo ilipokuwa kaunta ya tatu, kaunta yake.

Ndipo akamkumbuka mteja mmoja. Wafanyakazi walimpa jina la Mama Taratibu. Alikuja jua likizama, amevaa glovu, uso kauinamisha, akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia. Hakusema neno. Alipanga bidhaa zake hivyohivyo, vizito kwanza, bei zikimwelekea keshia, na hakuwahi kutoka mpaka lisikike lile tangazo la kufunga duka. Mlinzi alipenda kutania kwamba huyo mama amezaliwa kwenye rafu ya sabuni.

Siku ya mwisho ya duka umeme ulikuwa umekatwa kwa deni. Kipaza sauti hakikuwaka. Tangazo halikusomwa, watu walivuta tu lango la chuma wakaondoka wakilia. Shangazi alijaribu kukumbuka kama kulikuwa na mtu aliyemwona Mama Taratibu akitoka. Hakumkumbuka mtu.

Hakumwambia mumewe. Angemwambia nini? Angeona anamkinga ndugu yake.

Jioni ile fundi aliaga kwa sauti kubwa kwamba anakwenda kununua uzi, akazunguka kwa mlango wa nyuma, akajibanza kati ya majora. Shangazi alimwona kisigino lakini akanyamaza, akaendelea kushona kola, na mwanga wa dirishani ulipoanza kuwa wa kijivu ile harufu ya mkate ikaja, na nyuma yake ikaja baridi, baridi ya kile chumba walichokuwa wakiwekea nyama, ikipita chini ya meza na kumshika vifundo vya miguu, na kutoka mwisho wa ukumbi, ambako palikuwa na ukuta mtupu, gurudumu likaanza kulia, kwii, likinyamaza kana kwamba mtu amesimama kuchagua kitu, kisha kwii, likisogea, na kila liliponyamaza kitu kimoja mezani kilikuwa hakipo tena, kwanza chaki, kisha futi ya kupimia, kisha pasi ikiwa bado ya moto, na alipogeuka kumwita ndugu yake akakuta mahali pake pako wazi, shati alilokuwa akilinyoosha likining'inia nusu.

Msumari alikuwa kwenye mstari.

Alisimama sakafuni, mbele ya pasi, futi na chaki, kulingana na uzito wake. Macho yalikuwa wazi. Kifua chake kiligeuzwa kuelekea alipokuwa akikaa keshia.

"Mke wangu," fundi alinong'ona toka kwenye majora. "Mke wangu, ni nani huyo aliyesimama nyuma yake?"

Shangazi hakuangalia nyuma ya Msumari. Alivuta kigoda chake, akakiweka kwenye matundu ya boliti, akakaa. Mikono ilijua kazi. Kitu kisicho na bei hakiuzwi. Keshia hukiweka pembeni kirudi rafuni. Akaigusa pasi kwa kitambaa.

"Hii haina bei," akasema, akaiweka kando.

Gurudumu halikulia.

Akamshika mdogo wake mkono. Ulikuwa na baridi ya barafu.

"Huyu hana bei." Akamvuta upande wake. "Na hivi havina bei. Samahani, mama."

Kitu kilipumua, karibu sana na uso wake, pumzi ya chumba cha nyama. Shangazi akafumba macho, akatoa kwa sauti ya kaunta maneno ambayo hayakusomwa siku ya mwisho, maneno aliyoyasikia kila jioni mpaka akayaota:

"Wateja wetu wapendwa, duka letu sasa linafungwa. Tafadhali elekeeni mlangoni. Asanteni kwa kuja, na tunawakaribisha tena kesho."

Gurudumu likalia taratibu kuelekea mlangoni. Lango la chuma likajiinua kidogo, likashuka. Msumari akakohoa, akauliza pasi yake iko wapi.

Fundi alitoka kwenye majora akapiga magoti mbele ya shemeji yake. Kisha akasema, "Umemfukuza. Ameondoka."

Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Nimemwambia aje kesho," akasema.

Walihamisha cherehani usiku uleule, pasi wakaiacha. Jengo sasa ni ukumbi wa mazoezi, na watu wa mtaa wanasema wanachama hupoteza viatu.

Fundi alifariki kwa ugonjwa wa figo, akiwa na amani na shemeji yake. Msumari yu hai, anakohoa, ana wajukuu. Shangazi yu hai, naye haingii dukani jua likianza kushuka. Mama Taratibu hatujui aandikwe upande wa walio hai au wa waliokufa.