Uzito wa Gari Tupu

Yolande alikuwa amesimama juu ya mizani ya bafuni, amekumbatia sanduku la dada yake Régine anayesafiri kesho kwenda Lubumbashi, simu ilipolia. Mizani ilionyesha tisini na nne. Yeye mwenyewe ni sabini na moja. Sanduku, basi, ishirini na tatu, zile zile ndege inazoruhusu. Hata soksi moja isiongezwe. Akalitua na kushika simu.

"Maman, nimeipata," alisema Hervé, mwanawe mkubwa. Alikuwa mtaa wa Laeken, nyuma ya gereji moja, mbele ya gari la michezo la viti viwili alilokuwa akiliota tangu aanze kazi ya uuguzi. "Nimekutumia karatasi zote za contrôle technique. Soma kwanza, mbele nilipe. Weye ndiye unajua kusoma mambo ya kidogo-kidogo."

"Mwenye kuuzisha ni nani?"

"Papa moja munene, muzee Burhani. Anachekesha, maman. Na ule unene wote, anatembea juu ya kokoto, hausikie kitu. Kama paka."

"Usimupe kitu mpaka nimalize."

"Bon, lakini mvula inaninyeshea."

"Ingia mu motokari basi, ungoje mule. Mutu muzima na mvula."

Alisikia mlango ukifungwa, halafu kengele ndogo: ting, ting, ting.

"Ni kengele ya mukanda," Hervé alicheka. "Kiti ya pembeni inafikiri iko na muntu. Na kunanuka, maman. Kama kitanda ya mugonjwa."

Yolande akavaa miwani, akazifungua zile karatasi za ukaguzi. Kilomita zilikuwa sawa. Breki, taa, moshi, sawa. Mkaguzi alikuwa ameandika pia uzito wa gari likiwa tupu. Kiwanda kilisema kilo 1210. Mwenye gari wa kwanza alipoliuza, lilipimwa 1278. Wa pili alipoliuza, 1341. Na juma lililopita, Burhani alipolipeleka kukaguliwa, 1449.

Akatoa hesabu kama alivyozoea kutoa ya masanduku. Sitini na nane. Sitini na tatu. Mia moja na nane.

Akarudia, maana uzito hauongezeki katika kitu kitupu, na miaka kumi na mitano ya kupima mizigo ya ndugu ilikuwa imemfundisha kutofautisha kilo za nguo na kilo za watu.

"Hervé," alisema polepole. "Toka mu ile motokari."

"Juu ya nini?"

"Toka."

Mlango ulifunguka, mvua ikasikika, ukafungwa, na Yolande akajua kwamba kijana ameacha simu juu ya kiti, kwa sababu sauti yake ilitoka mbali, nje, ikisema, "Nishatoka, maman, uko unaogopa nini?", na wakati huohuo, karibu kabisa na simu, karibu kama mtu aliyelala naye mto mmoja, pumzi za watu wengi zilipanda na kushuka pamoja, ile kengele ikaendelea, ting, ting, ting, na katikati ya zile pumzi sauti ya Hervé, ile ile, ikanong'ona:

"Maman. Mulango haifunguke."

Kisha mtu akaichukua simu.

"Usikasirike, mama," alisema Burhani kwa upole. "Karatasi zote nilimwonyesha. Jini wa gari hili hataki uongo, anataka mtu aonyeshwe kwanza."

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Si huyo anaelekea kwenye tramu? Hana kidonda. Hata mimi sina kidonda, nakula, nalala. Uzito tu ndio unabaki humu. Na mimi sikumwambia aingie, mama. Nilisikia sauti yako."

Hervé alirudi saa kumi na mbili jioni, analalamika kwamba mama amemharibia biashara. Ngazi za ghorofa ya tatu, ambazo hulia hata akipita paka wa jirani, hazikutoa sauti. Aliingia bafuni, akaona sanduku bado liko sakafuni, akalibeba na kupanda nalo juu ya mizani, amsaidie mama yake.

Mizani ilionyesha ishirini na tatu.

"Imekufa hii," alisema Hervé.

"Imekufa," alisema Yolande, akaisukuma kwa mguu chini ya sinki.

Mezani, Mukendi, mume wake, aliomba sala fupi. Précieuse, binti wa mwisho, alikuwa anagawa sahani simu ya mama ilipoanza kutikisika kando ya bakuli la bukari, ule ugali wa kwao. Jina kwenye kioo lilikuwa Hervé.

"Ah, simu yangu," alisema Hervé, vidole vyake kumi vyote vikiwa kwenye beseni la kunawia. "Niliiacha mule. Itakuwa ule papa."

Yolande aliiweka sikioni. Ting, ting, ting. Alisikiliza mpaka ile sauti ya mwanawe ikamwita mara mbili, mara ya pili kwa kulia. Akaizima, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Anasema nini?" aliuliza Mukendi.

"Hakuna kitu."

Akapakua. Huku anapakua alihesabu, kama kila jioni: Mukendi, Précieuse, Hervé, na yeye mwenyewe. Wanne. Wote wapo. Kichwa cha samaki akakiweka kwenye sahani ya Hervé, na bukari mara mbili ya wengine.

"Kula," alimwambia. "Kula sana."