Pampu ya Nahodha na Wivu wa Kinyozi

Kila siku Nahodha huvusha watu mtoni kwa mashua yake. Jina hilo alipewa na abiria, likamkaa. Mumewe ni kinyozi. Kibanda chake kiko gatini, na kwenye kioo cha ukutani anaona mashua zote zikija na kwenda.

Injini ya mashua ni ya zamani, na pampu yake ya mafuta haikawii kufa. Ikifa, huitwa Spana, fundi wa injini, mtanashati mwenye maneno matamu. Hufungua pampu, hutia kiwambo kipya, kile kipande chembamba cha mpira kinachosukuma mafuta, akaenda zake. Haupiti muda, anaitwa tena.

Asubuhi moja Kinyozi aliwaona wawili hao kiooni. Spana alisema neno, Nahodha akacheka mpaka akashika mbavu. Wembe ukateleza.

"Sikio langu!" mteja akapiga kelele. "Unaninyoa mimi au unanyoa gati?"

Kinyozi akarudisha macho kiooni. Mbona yeye hachekewi hivyo? Na fundi gani huyu, kazi yake haiishi? Bila shaka anaiharibu makusudi apate sababu ya kurudi.

Wiki hiyohiyo injini ilizima katikati ya mto, mashua imejaa watu. Maji yakaisukuma kuelekea mawe. Nahodha na abiria wakapiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Walifika salama, lakini mama aliyepakata mtoto aliapa hapandi tena.

Spana alipokuja, Kinyozi alimpokea mikono kiunoni.

"Pampu hii inakufa kila mara kwa nini? Au kuna kingine unachofuata hapa?"

"Baba watoto!" Nahodha akamaka. "Aibu gani hii?"

Spana akatua begi lake. "Kaka, mnaniita nibadilishe kiwambo, nabadilisha. Nikimwambia shemeji nitazame mafuta, ananiambia mafuta ni kazi yako. Hebu lete dumu."

Dumu lilikuwa nyuma ya kibanda, halina kifuniko. Spana akamimina petroli kidogo kwenye chupa angavu, akaiacha itulie. Chini kukajitenga maji, mchanga na nywele.

"Hizi nywele si zangu," akasema Spana.

Nahodha akaangua kicheko. Kinyozi akanywea. Kumbe anayemleta fundi ni yeye mwenyewe!

"Nifundishe," akasema, "usije tena."

"Kwa moyo mmoja!" Spana akawaongoza mashuani. "Funika dumu. Mimina kwa funeli yenye chujio. Mpira huu wa kupitishia mafuta umezeeka, unabanduka ndani. Weka mpya wa petroli, si wa maji. Kati ya tangi na injini, funga chujio linalonasa maji."

"Na ikizima mtoni?" Nahodha akauliza.

"Bana kwa mkono puto hili lililo katikati ya mpira wa mafuta. Injini ikichangamka, huenda pampu imechoka. Puto likinywea lenyewe, mafuta yamezibwa njiani. Anza na tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, lisiwe limefungwa. Na moto usisogee karibu na petroli."

Kinyozi akafuata yote. Mvua zikaja, zikaisha. Injini haikuzima tena na watu ndani. Yule mama akarudi kupanda.

Sasa wenye mashua humfuata Kinyozi awaonyeshe. Jana alikuja mwanamke mmoja mcheshi, amejipamba, pampu mkononi.

"Mfundishe," Nahodha akasema, akivuta kiti katikati yao. "Mimi nitakaa hapa."