Kiti cha Chui Kule Lewisham

"Ndizi zimeiva," redio ilikoroma ndani ya Ford Cortina. "Zinapakiwa leo."

"Ghala gani?"

"Hatujui. Hayes yote ni maghala, dada."

Adelina, jasusi kutoka Dar es Salaam, aliuma meno. Ndizi zilikuwa bunduki. Zilikuwa zinakwenda kwao Bukoba, ambako mama yake alikuwa akipalilia kahawa, hana habari.

Waliolijua ghala ni wawili tu. Mukama wa Kyabwera, mfalme aliyevuliwa ufalme na sasa akiishi Thamesmead, London. Na Telesphor, mtunza hazina wake.

Adelina alikumbuka somo la chuo kikuu. Waziri wa fedha wa mfalme wa Ufaransa, karne ya kumi na saba. Alipanda cheo kwa kumtafutia mfalme mikopo, akajijengea kasri la kumtia mfalme aibu. Kisha, mpumbavu yule, akamwalika aje alione.

Alifia gerezani.

Telesphor naye aliishi kifalme kwa siri, ila hakuthubutu kumwalika mfalme wake. Adelina akamwalikia.

"Waitu, bwana wangu," alisema kwenye simu, sauti ya mtumishi, "mtunza hazina anakuomba kwake Lewisham. Kuna lubisi, pombe ya ndizi ya kwetu."

Alasiri, Mukama akafika. Adelina alikuwa sebuleni kwa Telesphor na sinia, amejifanya mtumishi, na kinasa sauti kinachowarushia wenzake Hayes kila neno kimejificha kwenye kifungo cha gauni.

Telesphor alikuwa amekalia ngozi ya chui, kiti cha mfalme peke yake. Wageni wamempigia magoti. Kibuyu kiko mdomoni.

Bukoba nzima inajua: pombe haionjwi kabla ya kibuyu cha Mukama.

"Nani kanitangulia?"

Telesphor alipaliwa. "Waitu... nilikuwa naonja kama imeiva."

"Kibuyu kizima? Juu ya chui?" Mzee alifoka. "Kumbe bunduki zangu, pale ghala la mazulia nyuma ya stesheni ya Hayes, ni za kukutawaza wewe! Mtwana!"



Telesphor alichomoa bastola yake, Walther. Beretta ya Adelina ilikwishamgusa sikio.

"Thubutu, kaka. Utaichafua ngozi."

Walther ikaanguka kwenye zulia.

Punde kisikilizi sikioni mwa Adelina kilinong'ona: "Ghala tunalo. Masanduku yote."

Adelina akashusha pumzi. Mama atavuna.

Mukama hakusikia. Alikuwa amemsukuma Telesphor, akajitupa kitini, akanyoosha mkono.

"Kibuyu changu!"

Hawa ndio waliotaka watu wafe kwa ajili yao.

"Kunywa upesi, waitu," Adelina alisema, akivaa koti. "Polisi wako mlangoni."

Akatoka, akawapisha wapite, akavuka barabara kuelekea sokoni.