Mafuta ya Wageni wa Meli

Pipa lilikuwa mahali pake, kofuli nzima. Kilichoibwa ni kilichokuwa ndani.

Jana lilijaa mafuta machafu yaliyokusanywa na kikundi cha mtaa kwa wakaanga chipsi na maandazi wa Ikungi. Leo lilijaa mafuta mapya ya alizeti. Mwizi gani anaiba takataka na kuacha mali? Inspekta Rukaiya Njiku alikuwa hajawahi kumwona wa namna hiyo.

Belinda, mnunuzi, hakucheka. Kampuni yake ilitengeneza mafuta ya kuendeshea meli za watalii ili zipunguze dizeli na moshi, na sharti lilikuwa moja: yawe yamekwisha kukaangia, maana chakula cha watu hakichomwi kwenye injini. Mafuta mapya kwake ni udanganyifu. Kikundi kingefutwa, na mlinzi Chediel alikwisha kuwekwa mahabusu.

"Jana jioni ulikuwa wapi?" Rukaiya alimuuliza.

"Getini, afande."

"Muda wote?"

Chediel akainama. "Nilienda kula kwa Bibi Redempta. Ugali na mlenda. Funguo niliziacha zimetundikwa."

Rukaiya akarudi kwenye pipa, akachota chini kabisa kwa upawa. Ukatoka na maganda ya alizeti. Ya kiwandani huchujwa. Haya yalikamuliwa kwa mashine ya mkono, na mtaa mzima mashine hiyo alibaki nayo mtu mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Mafuta machafu yalikuwa uani kwenye ndoo, yamefunikwa vizuri. Bibi Redempta hakukana. Alimwacha Chediel akila, yeye na mwanawe Mathayo wakaenda na mkokoteni wa punda, wakabadilisha.

"Kwa nini, bibi?"

"Kisima chetu kilichimbwa kwa michango ya wageni wa meli hizo. Tangu usichana nilichota dimbwini pamoja na ng'ombe. Watu walioninywesha maji safi, nasikia wanapelekewa mafuta yaliyokwisha kukaangia. Mgeni anapewa makombo? Nikakamua alizeti yangu yote."

Rukaiya akamweleza taratibu kwamba wageni hawayali. Huliwa na injini, na injini ikila machafu hayo moshi wa meli hupungua.

"Ukipungua, wao wanapata nini?"

"Hewa safi, bibi."

"Basi wapelekeeni hayo machafu. Na Chediel mwambieni nimemwekea chakula."

"Chediel yuko mahabusu, bibi. Kwa ajili ya pipa hilo."

Bibi aliketi chini.

Belinda alipoyasikia hayo, alifuta malalamiko, akapokea mafuta yake machafu, akamshika bibi mikono yote miwili. Mafuta mapya ya alizeti bibi alikataa kurudi nayo nyumbani. Aliyajaza kwenye debe la kumpa Chediel, akamngojea nje ya kituo cha polisi.

"Nisamehe, baba. Nilihangaika kuwashukuru nisiowajua, nikamfungisha huyu anayenilindia mtaa."

Chediel alichukua debe kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshika bibi, wakaenda kula.