Jiwe Lililopanda Mteremko

Mporomoko hushuka. Hilo halihitaji shahada. Ndiyo maana mchora ramani alipoona jiwe moja limepanda, alidhani ni uchovu wake tu.

Alikuwa akichora safu ya milima iliyolala katikati ya bahari, chini kusikofika jua. Meli ilipita juu yake mara mbili, mwaka mmoja baina ya safari na safari, ikituma sauti chini na kunasa mwangwi. Kila mwangwi ukawa nukta kwenye ramani. Katikati ya mwaka huo mteremko mmoja ulikuwa umeporomoka. Mawe yote yalitapakaa bondeni, isipokuwa moja, kubwa kama nyumba, lililotoka bondeni likaenda kukaa kileleni.

"Limepandaje hili?" alimuuliza mwenzake wa meza ya pili, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Haraka.

"Mawe hayana miguu, dada. Kosa la chombo hilo. Safisha, ripoti inangojwa."

Kusafisha ni kufuta nukta za uongo. Ilikuwa siku yake ya kumi na moja kazini bila mapumziko, na nyumbani mama yake alikuwa anaugua moyo. Akafuta, akaenda zake.

Saa tisa alasiri alifungua mlango, akapokewa na harufu ya tope. Sakafu ilikuwa kavu. Mama alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Mwanangu," alinong'ona, "mwambie mgeni asogee. Amenikalia miguu."

Chumbani hamkuwa na mgeni. Lakini upande wa miguuni godoro lilikuwa limedidimia, na alipoweka mkono hapo, baridi ilimwingia hadi mfupani.

Kesho yake shimo lile lilifika magotini. Daktari alisikiliza moyo, akasema mgonjwa apumzike, kana kwamba humo ndani kuna aliyeweza kupumzika. Siku ya tatu lilifika kiunoni, na ukutani ikaanza sauti ya changarawe inayomwagika, ikishuka, ikishuka bila kufika chini, mchana kweupe, majirani wakipiga soga nje, na mchora ramani, aliyekuwa hajafumba macho tangu juzi, akawa anamvuta mama yake kwa makwapa asiweze kumsogeza hata inchi moja, utadhani mifupa ya bibi yule imegeuka chuma.

Jirani akamletea mganga, mama wa makamo mwenye miwani. Aliishia mlangoni.

"Huyu jini hakutumwa," alisema kwa sauti ya chini. "Amefukuzwa kwake. Nani humu amemfukuza?"

Mchora ramani alicheka, kisha akalia, kisha akaeleza yote.

"Basi ndiyo hivyo. Kwake kulibomoka, akapanda juu kutafuta pa kukaa, wewe ukasema hayupo. Anakaa kwa aliyemfuta. Mrudishe, kabla hajafika kifuani. Na akishatoka usimtaje kwa mtu yeyote. Ukimtaja, atajua unamwita."

Alifungua kompyuta palepale, pembeni ya kitanda, akaingia kwenye ramani ya ofisi. Nukta zilikuwa mia mbili na kumi, na ilibidi kuzirudisha moja moja, huku nyuma yake pumzi za mama zikikatika. Alipoweka ya mwisho, changarawe ilinyamaza. Godoro likainuka polepole.

"Ameondoka," mama alisema. "Hata kuaga hakuaga." Akalala.

Mchora ramani alikaa sakafuni, mwili wote ukimuuma. Hata chozi la furaha lilimshinda. Simu ikalia. Alikuwa Bwana Haraka, akipiga kutoka nyumbani kwake.

"Dada, umechoka wewe! Umelirudisha lile jiwe. Usijali, nimeshalifuta, ripoti imekwenda. Kalale."

Alifungua mdomo kumwonya. Nyuma ya sauti ya Haraka alisikia mtoto akiita: "Baba, njoo. Miguu yangu haisogei."

"Nakuja, mwanangu. Dada, bado upo?"

Alimtazama mama yake. Alikuwa akikoroma, kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

"Nipo," alisema. "Asante, kaka." Akakata simu, akaizima kabisa, na aibu ikamjaa, lakini hakuiwasha tena.